Pampu ya tangi la samaki hai botini imegoma? Usikimbilie kununua nyingine

Samaki wakianza kupanda juu na kupiga midomo hewani, huo si wakati wa kufungua sanduku la spana. Waokoe kwanza. Chota maji ya nje kwa ndoo uyamwage ndani ya tangi kutoka kimo cha kifua, ili yanapoanguka yaburute hewa na kuingia nayo. Kama wamebanana, punguza idadi. Funika tangi lisipigwe na jua. Ukirudia hivyo kila baada ya dakika chache utapata nafasi ya kutafuta ubovu ukiwa umetulia, maana fundi mwenye haraka hukata waya mzima akauacha mbovu.

Pampu ninayoizungumzia hapa ni ile ndogo ya volti 12 inayochota maji ya nje na kuyapeleka kwenye tangi la samaki au chambo hai. Nyingi zinafanana: mota iliyofungwa ndani ya kikombe cha plastiki, impela (kigurudumu kinachozunguka na kusukuma maji) yenye mapanga machache, mdomo wa kuingizia maji kwa chini na wa kutolea kwa ubavuni. Pampu zinazong'olewa na kutupwa, nyingi hazina kosa. Kilichokufa ni kiungo cha waya, au kilichoziba ni tundu la chini ya boti, na pampu mpya ikifungwa pale pale inapata ugonjwa ule ule.

Kabla ya kugusa chochote, shika jambo moja, maana nusu ya matatizo yanatoka hapa. Pampu ya aina hii hainyonyi, inasukuma. Impela huyatupa nje maji ambayo tayari yamo tumboni mwake, na mengine yakaingia kujaza nafasi. Ikizungukia hewani haivuti kitu, hata ungeiacha mchana kutwa. Ndiyo maana hufungwa chini ya usawa wa maji, mahali ambapo maji yenyewe yanaingia bila kubembelezwa.

Sasa washa swichi, kisha weka kiganja juu ya pampu. Usitegemee masikio peke yake. Pampu nzuri iko kimya kiasi kwamba kelele za mawimbi tu zinaifunika. Kiganja kitakuambia kama inatetemeka au imelala, na jibu hilo ndilo linalokuonyesha uanzie wapi: kwenye umeme au kwenye maji.

Imelala kabisa, haitetemeki

Kama boti ina taima ya pampu, anza nayo. Swichi nyingi za tangi zina nafasi tatu: kuwaka moja kwa moja, kuzima, na kwenda kwa vipindi. Katika vipindi, pampu hufanya kazi dakika chache kisha hupumzika, na watu huikuta mapumzikoni wakatangaza msiba. Iweke kwenye kuwaka moja kwa moja ndipo uendelee.

Halafu fyuzi. Usiitazame tu ukaridhika. Ing'oe, angalia miguu yake na kishikizo chake kama vina kutu, vikwangue kwa msasa laini, uipime kwa mita ya umeme au uweke nyingine ya kiwango kile kile. Fyuzi inaweza kuonekana nzima machoni huku mguu mmoja haushiki.

Fyuzi ikiwa salama, nenda moja kwa moja kwenye pampu yenyewe, usianzie kwenye betri. Hapo ndipo safari ya umeme inapoishia, na kipimo cha hapo kinagawa tatizo katikati. Weka mita kwenye volti za DC, washa swichi, gusa waya chanya na waya hasi karibu na pampu. Mara nyingi mweusi ndio hasi na wa kahawia ndio chanya, ila soma lebo, kwani aliyetangulia kufanya kazi hapo anaweza kuwa alitumia rangi yoyote aliyokuwa nayo mfukoni.

Ukipata volti 12 na zaidi na pampu bado imelala, kosa ni la pampu: mota imekufa, au impela imekwama. Ukipata sifuri, umeme unapotelea njiani. Acha ncha chanya ya mita hapo hapo kwenye waya wa pampu, ncha hasi uipeleke mpaka kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu. Volti zikitokea ghafla, waya hasi ndio uliokatika. Zisipotokea, mhusika yuko upande wa chanya, na swichi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Pima kabla ya swichi na baada yake. Swichi za boti huliwa na chumvi kutoka ndani. Nje zinang'aa, ndani hakuna mawasiliano.

Watu wengi husahau hasi. Hufuata waya chanya inchi kwa inchi, hubadilisha swichi, hubadilisha fyuzi, na waya mweusi hauguswi kwa sababu tu hauna kifaa chochote kilichofungwa juu yake.

Njia ya mkato ni kuipa pampu umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili za pembeni. Hiyo inakata ubishi, lakini ifanye kwa adabu. Weka kishikizo cha fyuzi kwenye waya chanya, unganisha kila kitu fyuzi ikiwa mfukoni, kisha ichomeke mwisho, mbali na betri na mbali na sehemu ya mafuta. Cheche hutokea pale unapounganisha mwisho. Boti yenye injini ya petroli ndani, fungua vifuniko upepo upite na uhakikishe hakuna harufu ya mafuta kabla ya kucheza na umeme.

Umeme upo, lakini hautoshi

Hili linastahili nafasi yake, maana linadanganya hata mafundi wazoefu.

Unapima kwenye waya wa pampu ukiwa umeichomoa: volti 12.4. Safi. Unaiunganisha, pampu inazunguka kwa uchovu, maji yanachuruzika. Pima tena sasa, pampu ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi: volti 9. Zile nyingine zimekwenda wapi? Zimeliwa na waya. Mita yenyewe haitumii umeme wa maana, hivyo hata unyuzi mmoja wa shaba uliobaki mzima unatosha kuionyesha volti zote. Pampu ikidai ampea zake, unyuzi ule unaelemewa.

Kwa hiyo pima siku zote mzigo ukiwa unafanya kazi. Kiwango cha ABYC, baraza la boti na yoti la Marekani, kinaruhusu upotevu wa volti wa asilimia 3 kwa mizunguko ya umeme iliyo nyeti kama taa za usalama wa safari, na asilimia 10 kwa ile isiyo nyeti. Kwenye volti 12, asilimia 10 ni volti 1.2. Betri ikiwa na 12.6 na pampu inapata chini ya 11.4, kuna mahali pa kurekebisha.

Kujua ni waya upi unaokula, gusa chanya ya betri kwa ncha moja na chanya ya pampu kwa ncha nyingine, pampu ikiwa inazunguka. Namba utakayoiona ndiyo volti zilizopotelea upande huo. Fanya hivyo hivyo kwa hasi. Upande wenye namba kubwa ndio wa kufuatilia, kiungo baada ya kiungo.

Ukifika kwenye kiungo kibovu, kwa kawaida utakikuta karibu na pampu, chini ngamani (pale maji yanapojikusanya ndani ya boti), kimefungwa kwa tepu nyeusi iliyolegea na kuvuja gundi. Ifungue. Ndani kuna unga wa kijani, na nyuzi za shaba zinakatika ukizigusa. Sasa menya ganda la waya sentimita kadhaa nyuma ya pale. Shaba ni nyeusi. Menya tena. Bado nyeusi, kwa sababu maji hupanda ndani ya ganda kwa kufuata nyuzi. Endelea kukata mpaka ukute shaba inayong'aa. Kuunganisha kwenye shaba nyeusi ni kazi bure. Waya ukiwa umebaki mfupi, ongeza kipande kipya cha waya wa boti, ule wenye nyuzi zilizopakwa bati, ubane kwa viunganishi vyenye ganda la plastiki lenye gundi ndani ambalo hunywea likipashwa moto. Kisha kifunge kiungo juu kabisa, mbali na maji ya ngama. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu kunakubalika kwa saa chache za kurudi nchi kavu, basi.

Inatetemeka vizuri, tangini haiji hata tone

Umeme upo, mota inazunguka. Tatizo ni maji, na hapa hewa ndiyo mshitakiwa mkuu. Lakini ondoa kwanza yale mepesi.

Je, koki ya chini iko wazi? Ninamaanisha ile iliyofungwa juu ya tundu la sakafu ya boti ili kuzuia maji yasiingie. Nyingi hufungwa boti inapohifadhiwa na husahauliwa siku ya kwanza ya kurudi majini. Boti nyingine zina valvu ya kugeuza kati ya kujaza, kuzungusha maji ya ndani na kumwaga, inayoendeshwa kwa kebo kutoka kwenye kitasa cha mbali. Kebo ikikatika au kuchomoka, kitasa kinageuka kwa raha zake na valvu haina habari. Shuka uitazame valvu yenyewe, usiamini maandishi ya kitasa.

Sasa hewa. Dalili yake ni kwamba tatizo lilianza baada ya boti kushushwa majini, au baada ya kukimbia kwa kasi, au baada ya kupigwa na mawimbi makali yaliyonyanyua tezi, yaani nyuma ya boti. Kiputo cha hewa kimekaa ndani ya pampu, impela inakizungusha pale pale. Sauti inakuwa nyembamba na ya juu kuliko ile ya pampu yenye maji.

Dawa ya kwanza haihitaji spana. Ikiwa mdomo wa kuingizia uko kwenye ubao wa tezi, rudisha boti nyuma taratibu huku pampu ikiwaka. Maji yatajikusanya hapo na kuisukuma hewa itoke. Ikiwa mdomo uko chini ya sakafu na una kikombe kinachotazama omo (mbele ya boti), sogea mbele polepole. Kuzima na kuwasha pampu mara kadhaa pia husaidia, kwa sababu ikizimwa kiputo hupata nafasi ya kupanda.

Isipokubali, puliza. Fungua kichwa cha kunyunyizia ndani ya tangi, weka mpira safi kwenye tundu lake, pampu ikiwa imezimwa, upulize kwa mdomo au usukume maji kwa mpira wa bombani. Hewa na uchafu vinatokea chini, kisha maji yanarudi yenyewe kujaza pampu. Njia hii naipenda kwa kuwa inatibu mawili kwa mpigo na haifungui kitu chochote kilicho chini ya usawa wa maji.

Njia ya mwisho ni kulegeza mpira kwenye mdomo wa kutolea wa pampu mpaka mapovu yaishe na maji yaje. Inafanya kazi, ila kumbuka kwamba mdomo huo uko chini ya usawa wa maji: ukiuchomoa mpira kabisa, maji yanaingia botini. Mkono mmoja uwe kwenye mpira na mwingine kwenye koki ya chini. Kama boti haina koki, usifungue hapo ukiwa majini.

Hewa ikirudi kila safari, tatizo ni ufungaji. Mdomo wa kutolea unatakiwa utazame juu, ili hewa ipate pa kupandia. Ukiwa umelala au umeinama, umeitengenezea hewa chumba. Mpira nao upande moja kwa moja hadi tangini. Ukiwa na tumbo linalobonyea katikati, maji yanatuama hapo na kufungia hewa nyuma yake. Pampu zenye vichwa vinavyogeuzwa hukuruhusu kurekebisha hili kwa dakika chache.

Kama si hewa, ni kizuizi. Na kizuizi chenye hila kuliko vyote ni kipande cha mfuko wa plastiki chini ya boti. Pampu ikiwaka, kinavutwa na kuziba chujio. Unazima ili uchunguze, kinaachia na kuelea pembeni. Unatazama chujio: safi. Unawasha: hakuna maji. Mtu anaweza kubadilisha pampu mbili kwa ajili ya mfuko wa mkate. Ukiona maji yanatoka kwa sekunde mbili tatu kila unapowasha halafu yanakoma, fikiria hili kabla ya mengine yote. Majani ya majini hufanya hivyo hivyo. Boti inayolala majini muda mrefu huota viumbe vya magamba ndani ya tundu lenyewe, na hao hawatoki kwa kupuliza; boti ipandishwe nchi kavu, tundu likwanguliwe. Anayeingia majini kusafisha chujio ahakikishe injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwake, si mfukoni mwa mtu mwingine aliyebaki juu.

Mwisho, impela. Pampu nyingi za siku hizi zimegawanyika: kitako kinabaki kimefungwa kwenye boti, mota na impela vinachomoka kwa kuzungusha au kubonyeza vishikizo. Funga koki ya chini kwanza. Ukishaitoa, tazama mhimili wa impela kwa makini. Uzi wa mshipi hujizungushia hapo taratibu mpaka ukaonekana kama sehemu ya plastiki yenyewe. Ukate kwa wembe, usiuvute. Zungusha impela kwa kidole. Inatakiwa igome kidogo kwa hatua hatua, kwa sababu ya sumaku za mota. Ikizunguka laini bila kugoma hata kidogo, imeteleza kwenye shafti: mota inazunguka, impela imesimama. Ikigoma kabisa, kuna mchanga, kipande cha gamba, au beringi zimekwisha.

Unaporudisha, safisha oringi (pete ya mpira inayozuia kuvuja) na kitako chake, paka grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya injini iache, baadhi ya mipira huvimba ikiguswa na mafuta ya petroli.

Maji yanakuja, ila ya kusuasua

Hapa acha kukisia, pima. Elekeza maji kwenye ndoo ya lita 10 ukitazama saa. Pampu iliyoandikwa galoni 800 kwa saa, kwa galoni za Marekani, ni kama lita 3,000. Namba hiyo hupimwa bila mpira mrefu na bila kupandisha maji juu, kwa hiyo usishangae ikikupa nusu. Nusu yake ni lita 25 kwa dakika, yaani ndoo inajaa kwa sekunde 24. Pima siku pampu ikiwa nzima, andika sekunde hizo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha tangi. Siku ya mashaka utakuwa na cha kulinganisha.

Mtiririko ukiwa umeshuka, fungua kichwa cha kunyunyizia. Maji yakiruka kwa nguvu mara tu kinapotoka, umeshampata. Vitundu vyake huziba kwa magamba ya samaki, hasa kwenye boti zinazozungusha maji ya ndani ya tangi. Gamba ni jembamba na halionekani likiwa limelala juu ya tundu. Litoe kwa kijiti. Kisiwe chuma, kitapanua matundu na mnyunyizo utabadilika.

Kichwa kikiwa safi, pitisha mkono kwenye mpira wote. Mpira wa zamani hulainika ukajikunja pale unapopita kona, au klipu iliyokazwa kupita kiasi imeubana. Kama mpira au kiungo kina tundu dogo kuliko mdomo wa pampu, hilo ni kosa la siku ya kwanza na halitajirekebisha. Rudi pia kwenye kipimo cha volti.

Kuna jambo moja zaidi, na linawapata wale walioibadilisha pampu hivi karibuni. Waya zikipishana, chanya ikaenda kwa hasi, mota ya kawaida huzunguka kinyume. Pampu ya impela ya aina hii bado itatoa maji, ila machache, kwa sababu mapanga yanasukuma vibaya. Inavuma vizuri, haichemki, hakuna anayeishuku. Hakikisha kwa mita. Usijaribu kwa kugeuza geuza waya kama mota ni ya kielektroniki isiyo na brashi. Baadhi yake hufa papo hapo.

Inagoma kwa kasi tu, au boti ikisimama tu

Boti ikikimbia, tezi hunyanyuka na maji chini yake yanajaa mapovu. Mdomo ulio juu sana kwenye ubao wa tezi, au nyuma ya ukingo wowote unaotibua maji, utavuta povu badala ya maji. Kikombe kinachotazama omo husaidia. Kikiwa kimegeuzwa nyuma kinazidisha tatizo, kwani maji yanayopita yanavuta kutoka tangini badala ya kuingiza. Kinyume chake, tangi linalojaa boti ikikimbia na kukauka ikisimama linakuambia kwamba maji yalikuwa yanaingia kwa msukumo wa mwendo tu na pampu ilikuwa abiria.

Fyuzi inaungua kila mara

Usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inaulinda waya usiwake moto, na waya haujui kwamba una haraka ya kurudi kuvua.

Chomoa pampu, weka fyuzi mpya, washa swichi. Ikiungua bila pampu, kuna shoti kwenye waya: tafuta pale unapopita kwenye tundu la chuma au chini ya kitu kizito. Isipoungua, pampu ndiyo inayokula kupita kiasi. Ipime ampea kwa kuingiza mita katikati ya waya chanya, ukitumia tundu la ampea 10 na si lile dogo. Linganisha na lebo. Ikizidi sana, itoe uangalie kama impela imekwama. Ikiwa impela iko huru na bado inakula, maji yameingia kwenye mota, na hapo hakuna matibabu.

Maji yanaenda kusikotakiwa

Tangi linalopungua pampu ikizimwa si lazima liwe na tundu. Kama maji huingilia chini ya tangi na hakuna valvu ya kuzuia kurudi, yanateremka kupitia pampu hiyo hiyo hadi yalingane na usawa wa nje. Funga valvu, au ongeza moja. Tangi linalofurika limezibwa njia ya kutolea. Tazama wavu wake, samaki aliyekufa hubanwa hapo mara nyingi.

Maji ngamani ni habari nyingine, na yanakuja kabla ya mambo yote ya samaki. Funga koki ya chini, kisha tazama kama kiwango kinaacha kupanda. Kikiacha, kosa liko juu ya koki: klipu, mpira, kitako cha pampu kilichopasuka au oringi iliyobanwa vibaya. Kikiendelea kupanda koki ikiwa imefungwa, yawezekana maji yanapita kando ya tundu lenyewe au chini ya koki, na safari ya kurudi ianze mara moja huku pampu ya ngama ikifanya kazi. Uvujaji mdogo usiojulikana unatokea tangini au nje, tia rangi ya chakula ndani ya tangi. Maji ya ngama yakibadilika rangi, umepata jibu. Viungo vyote vilivyo chini ya usawa wa maji vistahili klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Pampu nzima, samaki wanakufa

Hapa usifungue kitu. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 ni kama 7.5. Ya bahari hubeba pungufu ya hapo kwa karibu moja ya tano. Samaki naye katika joto anahitaji oksijeni zaidi, kwa hiyo anabanwa pande zote mbili. Taima iliyofaa asubuhi haitoshi adhuhuri. Iache pampu iwake moja kwa moja.

Kama unazungusha maji yale yale ya ndani, uchafu wa samaki unajenga amonia hata kama hewa inatosha. Badilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Ukipita penye utando wa mafuta au tope zito, fanya kinyume: zungusha ya ndani kwa muda, usivute ya nje. Na tangi lililojazwa maji ya bomba kabla ya kutoka linaweza kuua kwa klorini huku pampu ikifanya kazi yake barabara.

Ikibidi kubadilisha

Beringi zinazosaga, mota inayokula ampea nyingi ikiwa huru, au maji ndani ya nyumba yake: hizo ni sababu za haki. Kama kitako ni kizima na toleo linapatikana, nunua mota pekee. Hutagusa tundu la boti wala mpira. Usipande ukubwa wa pampu bila kutazama njia ya kutolea ya tangi, kwani itakayoingiza zaidi ya inayotoka itakufurikia. Ikifungwa karibu na injini ya petroli iwe na alama ya kuwa haiwezi kuwasha mvuke wa mafuta.

Ukimaliza, fungua koki ya chini boti ikiwa bado imefungwa gatini, iache pampu iwake dakika 10, pitisha karatasi kavu kuzunguka kitako na kila klipu, upime ndoo, na uandike sekunde mpya kwenye kifuniko.